Bi Maringo Asiyeanza Salamu

Tarehe thelathini mwezi wa sita, saa za kazi zitakapokwisha, mshauri nasaha mkuu wa hospitali yetu atafunga mlango wa Chumba Namba Tisa na kumkabidhi mtu mwingine ufunguo. Amekitumikia chumba hicho kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mlioketi hapa leo mmewahi kupita mbele ya mlango ule mkiharakisha, mkitazama upande wa pili. Wengine mmewahi kuugonga. Nani ni nani hatutasema, na yeye ndiye aliyetufundisha kutosema.

Mjini anaitwa Bi Maringo. Tulimwomba ruhusa ya kulitumia jina hilo katika programu hii, kwa sababu lile la kwenye cheti cha kuzaliwa analijua mhasibu peke yake. Alicheka, akasema tuliandike kwa herufi kubwa, maana amelitolea jasho. Alitoa sharti moja tu, kwamba yaliyompata mwaka huu yasipakwe rangi. "Mkiandika kwamba nilikuwa na malaria," alisema, "keki mtaikata wenyewe." Basi tumeandika kama yalivyokuwa, na yeye ameyasoma na kusahihisha mikato.

Alikuja hapa akiwa muuguzi kijana wa wodi ya wazazi. Uongozi ulipopata wazo la kuanzisha huduma ya ushauri, wazo lilipatikana kabla ya chumba. Akapewa stoo ya magongo, mwisho wa korido, baada ya maabara, mkabala na kwa dobi. Aliyatoa magongo kwa mikono yake, akapaka chokaa, akatafuta viti viwili vyenye urefu sawa. Hilo la urefu alilishikilia kwelikweli. Meza aliikataa, akisema watu wamechoka kusemezwa kutoka ng'ambo ya meza. Kitu pekee alichokidai kwa nguvu ni mlango wa pili, wa kutokea uani kwenye kamba za nguo, ili anayetoka na macho mekundu asipishane na anayeingia. Fundi mwashi alimuuliza kama chumba hiki ni cha ushauri au cha magendo. Mlango ukatobolewa hata hivyo.

Upande wa mbele walimwekea kibao kilichoandikwa "Ushauri wa Akili". Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Akaazima bisibisi kwa fundi umeme, akaking'oa kibao, akaacha namba tu. Hapo ndipo watu walipoanza kuja, kwanza kwa kunyata, baadaye kwa hodi, na mjini ukazaliwa msemo ambao unatumika mpaka leo. Mtu akionekana amelemewa, nduguye humnong'oneza kwamba aende Namba Tisa.

Kukosekana kwa kibao kulikuwa na hasara zake pia. Mwaka wa pili aliingia seremala mmoja, kifundo cha mkono kimevimba, anatafuta chumba cha eksirei. Bi Maringo akamkaribisha kiti, akammiminia maji, akamuuliza angependa waanzie wapi. Seremala akaanzia pale nyundo ilipomgonga. Akaeleza kwa nini nyundo ilimponyoka, akaeleza usiku aliokesha kabla ya siku hiyo, akafika kwa kaka yake ambaye hawajasemezana tangu baba yao azikwe. Alipomaliza alitokea mlango wa uani akiwa mwepesi kabisa, mkono bado umevunjika. Ilibidi akimbiliwe hadi kwenye kamba za nguo arudishwe akapigwe picha. Naisimulia hadithi hii bila hofu kwa sababu seremala mwenyewe huisimulia kwenye kila harusi anayoalikwa, na kila mara uvimbe unazidi kuwa mkubwa.

Jina la Maringo, kwa upande wake, lilitokana na kosa, na kosa lilikuwa la Bi Maringo mwenyewe.

Katika mwaka wake wa kwanza alikuwa na mteja mmoja, mwalimu kijana aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza na kupotewa na usingizi. Alikuwa akilia bila kujua kwa nini. Nyumbani kwa wakwe aliaga kwamba anampeleka mtoto kliniki, kisha anapitia Namba Tisa. Walikuwa wamefika pazuri. Siku moja wakakutana kwenye sherehe ya majirani, mwalimu amekaa na mamamkwe na mawifi, na Bi Maringo, ambaye wakati huo alikuwa binti mchangamfu anayemsalimia hata mbuzi, akamwendea kwa furaha akamuuliza: "Hujambo mwalimu, usingizi umerudi?" Mamamkwe akataka kujua ni usingizi gani. Wifi akataka kujua wamejuana wapi. Mwalimu akasema amefananishwa na mtu mwingine, akageukia upande wa pili.

Hakurudi tena. Bi Maringo alimsubiri siku zote za miadi, kisha akasikia kwamba familia ile imehama. Kama mwalimu alipata mtu mwingine wa kumsikiliza au hakupata, hajui mpaka leo. Hukisimulia kisa hiki kwa kila mwanafunzi mpya anayempokea, na sauti yake hubadilika kila mara anapofika mahali hapo.

Ndipo akajiwekea kanuni. Nje ya hospitali, mshauri wa Namba Tisa hasalimii kwanza. Mteja akipenda, ataanza yeye. Asipopenda, mmepishana tu kama watu wawili wa mji mmoja. Kanuni nzuri, ila aliitafakari siku mbili akaona ina tundu. Kama atawasalimia watu wote na kuwaruka wateja wake, basi kila atakayerukwa atajulikana kuwa ni mteja. Dawa ikawa moja, kutomwanza mtu yeyote. Si jirani, si mwenye duka, si mkunga aliyemzalisha.

Mnajua wenyewe salamu ni nini kwa watu wetu. Mtu anaweza kukusamehe umemkanyagia kuku wake kwa baiskeli, lakini si kumpita kimya asubuhi. Na wakati huo Bi Maringo alikuwa kijana, anawapita watu wazima bila shikamoo. Mamamkwe wake aliitisha kikao cha ukoo, akalalamika kwamba mwanawe ameoa sanamu. Muuza nyanya sokoni alikuwa akimchagulia zilizopondeka, makusudi, na yeye alizipokea, akalipa, akaenda kuzipika. Angeweza kujieleza kwa sentensi moja. Hakujieleza, maana angemweleza mmoja na wangejua wote, kisha kila mtu angeanza kuhesabu nani kasalimiwa na nani hakusalimiwa.

Kilichowachanganya watu ni kwamba ukimwanza wewe, utachoka wewe. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za goti la mama yako, za paa lililokuwa linavuja. Atakushika mkono asiuachie. Kesho yake mkikutana, anapita kama hakuona mtu. Mwenye duka la mkate aliwahi kuapa kwamba wako wawili, mapacha, mmoja mzuri na mmoja mwenye maringo.

Sisi wanafunzi wake tuliijaribu kanuni hiyo tukashindwa. Mimi ninayeandika haya ni mtu wa maneno, nikinyamaza kidogo watu hunigusa paji la uso kuona kama nina homa. Tuliilegeza, tukawa tunatikisa kichwa kwa kila mtu, na mwenye kuelewa na aelewe. Yeye hakuilegeza hata kidogo. Alisema mwalimu yule hakupata nafasi ya pili, basi na yeye hajipi.

Aliyemwokoa ni mumewe. Alikuwa fundi cherehani, duka lake liko pembeni mwa posta, na Mungu alimpa mdomo wa watu watatu. Jioni walipokuwa wakirudi nyumbani pamoja, fundi alitangulia hatua moja, anagawa salamu kushoto na kulia, na zote zilikuwa za wingi. Hatujambo sisi. Tunawasalimu. Tumeshinda salama. Watu walijibu kwa wingi vilevile, na jibu likishatoka Bi Maringo alikuwa huru kudakia, na hapo goti la mama yako likaulizwa hadi likapona. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo alivyokaa katika mji huu, kupitia mdomo wa mumewe.

Fundi hakuwahi kumuuliza ni nani kati ya aliowasalimia aliwahi kukaa Namba Tisa. Rafiki zake walimchokoza, eti hana hamu ya kujua? Akawajibu kwamba yeye anajua viuno vya mji mzima na hajawahi kukitaja hata kimoja.

Tukumbuke na kazi, maana si salamu tu. Bi Maringo ndiye aliyegundua kwamba wanaume wa mji huu hawana matatizo ila wana presha. Kwa hiyo akahamishia mashine ya kupimia presha ndani ya Namba Tisa, akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi ni ya akina baba. Walikuja. Wanakunja mkono wa shati, ule mkanda unajaa upepo, kisha unalegea, na wakati unalegea mtu anaanza kusema. Wako waliopimwa kila Jumamosi kwa miaka minne, presha yao nzuri kuliko ya mwanariadha. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanarudia nini.

Amefundisha washauri wa hospitali zote za jirani. Tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi ya dobi, mvuke wa pasi unatufukiza, yeye amesimama mlangoni na daftari la mahudhurio ambalo hakulifungua hata siku moja kwa sababu alitujua sote kwa mwendo. Alitufundisha kunyamaza. Ni somo gumu kuliko yote, na wengine, bila kutaja majina, tulilirudia mara mbili. Alitufundisha kwamba mtu akipewa maji asiharakishwe kuyanywa, na kwamba anayelia haambiwi basi. Nikikumbuka mabenchi yale, harufu ya wanga na sabuni hunijia puani, na natamani kurudi mjinga vilevile niketi tena mstari wa mbele.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni semina ya wanaokaribia kustaafu. Aliianzisha baada ya kuona kwamba watu waliagwa kwa shangwe, kisha baada ya muda mfupi wanaletwa hospitali, hawali, hawalali, hawajui kinachowauma. Walikuwa wameandaliwa kwa kila jambo isipokuwa asubuhi. Kwa hiyo katika semina yake hakuzungumzia ufugaji wa kuku. Alikuwa na swali moja. Jumatatu ya kwanza, umeshavaa viatu na huna pa kwenda, nani atakuambia habari za asubuhi?

Watu hucheka kwanza. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa alijibu kwamba ataambiwa na mke wake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu mke wake ni muuguzi na asubuhi zote yuko zamu, ameketi palepale ukumbini akitikisa kichwa kukataa. Baada ya kicheko huja kimya. Katika kimya hicho ndimo kazi yote ilimokuwa. Watu walitoka mle na majina ya watu watakaowatafuta, na vikundi watakavyojiunga navyo, na wengine walikubali mbele ya wenzao kwamba watahitaji mshauri na si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, alikuwa akiwaambia, na kuna maradhi yanayovaa suti na tai.

Miaka mitatu iliyopita fundi alifariki, ghafla, akiwa ameketi kwenye cherehani yake. Msibani tulijaa mpaka barabarani. Kisha, kama ilivyo kawaida, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Bi Maringo alimaliza likizo ya msiba, akarudi kwenye kiti chake, akasikiliza watu. Tulimpa pole, akasema asanteni, akauliza ni nani anayefuata. Tulijiambia kwamba mtu wa kazi hii anajua la kufanya. Mganga hajigangi, lakini sisi tulimwacha ajigange.

Nililiona tatizo siku moja nilipotembea naye kwenda nyumbani kwake kuchukua kitabu. Ilikuwa saa ambayo mtaa umejaa, watu wamekaa barazani, wengine wanafunga maduka. Palipokuwa duka la fundi sasa panauzwa makava ya simu, na muuzaji ana vidude vya muziki masikioni. Tulipita mtaa mzima bila kusikia neno. Watu hawakuwa na chuki. Walizoea kusalimiwa na fundi na walizoea ukimya wa mkewe, kwa hiyo kila mmoja alingoja. Yeye alitembea kichwa juu, mkoba kwapani, na mtu asiyemjua angesema kweli huyu ana maringo. Mimi nilikuwa karibu, nikaona jinsi alivyokuwa akitazama midomo ya watu. Nikaelewa kwamba siku akiacha kazi, siku ambayo hakutakuwa tena na hodi ya Namba Tisa, mwanamke huyu anaweza kumaliza wiki nzima bila mtu kumwambia hujambo.

Mwanzoni mwa mwaka huu semina ilifanyika kama kawaida, ila safari hii jina lake lilikuwa miongoni mwa wastaafu watarajiwa. Alisimama mbele akauliza lile swali lake. Kabla watu hawajacheka, fundi wa maabara mmoja, mcheshi, asiyekuwa na nia mbaya, akamrudishia. "Na wewe Mama, nani atakuambia?"

Alichukua glasi ya maji, akanywa mpaka ikaisha. Akaiweka chini. Akatangaza mapumziko ya chai, na chai ilikuwa bado haijachemka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Alifika kazini kabla ya mlinzi kufungua geti. Alipanga upya kabati ambalo alikuwa amelipanga wiki iliyopita. Aliomba kwa uongozi abaki na ufunguo mmoja baada ya kustaafu, endapo utahitajika. Sahani yake ya mchana ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Ukimuuliza anasema hajambo, tena kwa ile sauti aliyotufundisha kutoiamini.

Sisi kwa sisi hatushauriani. Hiyo ni kanuni nyingine ya Namba Tisa, kwa sababu huwezi kufungua moyo kwa mtu anayekupangia zamu. Na kumtafutia mshauri kwingine kulikuwa na kikwazo, maana karibu wote wa hospitali za jirani aliwafundisha yeye. Tulikutana watatu kwenye chumba cha chai kutafuta wa kumfunga paka kengele, na nikachaguliwa mimi, kwa hoja kwamba nina maneno mengi. Nilipofika mbele yake maneno yote yakakimbia. Nikamwambia tu kwamba sikuja kumshauri, nimekuja kumuuliza ni nani anayemsikiliza yeye. Akaniambia nikapange mafaili. Nikayapanga. Siku nyingi baada ya hapo aliniita "Mheshimiwa", na kwa wanaomfahamu hiyo ni adhabu kali.

Kisha Alhamisi moja akaomba ruhusa ya nusu siku. Alhamisi iliyofuata, tena. Hatukuuliza. Baadaye alitueleza mwenyewe, akicheka, jinsi mtu aliyewapeleka wengine kwa mshauri maisha yake yote alivyohangaika kumpata wake.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipomwona mwalimu wake amekaa kwenye kiti cha mteja, akaanza kulia yeye. Bi Maringo akambembeleza, akammiminia maji, akaondoka akiwa amefanya kazi ya ziada. Wa pili alikuwa bwana nadhifu aliyemwonyesha mchoro wa hatua za huzuni, akamfahamisha kwamba yeye amechelewa hatua mbili. Hakurudi kwa huyo, na anasema kwamba kutorudi ni haki ya mteja. Mshauri asipokufaa humkosei adabu ukimtafuta mwingine, kama viatu tu, huvai vinavyokubana kwa sababu muuzaji alikuwa mpole.

Wa tatu ni binti ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake. Amesomea mbali, na ana chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, ng'ambo ya mji. Siku ya kwanza Bi Maringo alikaa, akamweleza kwamba viti vyake havilingani urefu. Akamweleza kwamba saa ya ukutani haifai kuwa mbele ya mteja. Akamsahihisha swali la kwanza, akamsifu kwa la pili. Binti akamwacha amalize. Kisha akamwambia taratibu, "Mama, leo wewe ni mteja." Hapo Bi Maringo alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na binti hakumwambia basi.

Amekuwa akienda kila Alhamisi tangu wakati huo. Sahani ya mchana sasa inarudi jikoni tupu. Aliiondoa barua ya kuomba ufunguo. Lakini swali lake la semina lilikuwa bado halijajibiwa, na alikiri hivyo. Mshauri anakusaidia kubeba ukimya, alituambia, ila hawezi kukuletea watu.

Sasa nieleze kuhusu picha iliyo kwenye jalada la programu hii.

Mwezi uliopita nilimsindikiza studio kupiga picha hiyo. Tulikuta foleni, watu wamebanana kwenye benchi refu, akina mama na watoto waliopakwa poda, mwanafunzi wa chuo, wazee wawili watatu. Hakumsalimia mtu, kama kawaida yake, na kwa sababu hakusalimia, benchi zima likanyamaza. Mimi nikatikisa kichwa kwa wote. Tukakaa.

Baada ya muda akaingia binti mmoja kuchukua picha zake. Akatupia benchi macho, akamwona Bi Maringo, na macho yake yakapita juu yake bila kutua, yakaenda kwenye fremu za ukutani. Mimi sikumjua. Nilidhani ni mmoja wa wale wasiojua adabu. Nikamgeukia Mama ili tumsengenye kidogo, nikakuta uso wake umebadilika. Alikuwa ameangalia mkoba wake. Miaka yote hii aliwapita watu hivyo kwa kuwalinda, na hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kupitwa kwa kulindwa. Alinieleza baadaye kwamba alijua fika binti anafanya sawa, tena kwa ustadi, na bado iliuma.

Akasimama. Kwa sauti ya mtu aliyezoea wodi yenye watoto wachanga ishirini, akasema, "Hujambo mwanangu?"

Binti akageuka. Akaitikia kwa shikamoo.

"Marahaba," Bi Maringo akasema, kisha akaligeukia benchi. "Jamani, huyu ndiye mshauri wangu. Nilifiwa na mume, nikakaa nalo rohoni miaka mitatu. Huyu ndiye ninayemwambia."

Mpiga picha alitoa kichwa nje ya pazia. Mtoto mmoja aliyekuwa akilia alinyamaza, nadhani kwa mshangao. Binti alisimama na bahasha yake, hajui aicheke hali au ailie, mwisho akamshika Mama mikono yote miwili. Kwa miaka thelathini na mmoja tumewaambia watu kwamba kutafuta msikilizaji si aibu, na tumewaambia hivyo ndani ya chumba chenye mlango wa siri. Siku hiyo mtu mmoja alisimama akalisema nje, mbele ya watu wanaomjua.

Binti alikuwa bado amemshika mikono pale mwanamume mmoja wa makamo, kwenye ncha ya benchi, alipovua kofia yake. Nimemwona mtu huyo mtaani mara nyingi. Nimemwona akipishana na Bi Maringo mara nyingi, wote wawili wakitazama mbele. Akasema, "Shikamoo mama. Za siku nyingi."

"Marahaba baba," akajibu. "Za siku nyingi ni njema. Nyumbani hawajambo?"

Wakazungumza mpaka zamu ya Mama ya kupigwa picha ikafika na kupita, na mpiga picha akamchukua mtu mwingine. Hakunieleza bwana yule ni nani, wala sikumuuliza. Picha ilipigwa muda mfupi baadaye, na ndiyo maana ndani yake anacheka hivyo na macho yake yamelowa. Mpiga picha alitaka kurudia. Tulikataa.

Tunamshukuru Bi Maringo kwa stoo ya magongo aliyoigeuza kuwa mahali pa kupumulia, kwa akina baba wenye presha nzuri, kwa wastaafu waliojua pa kuanzia asubuhi zao, na kwa sisi aliotufundisha kunyamaza. Tunamshukuru zaidi kwa somo la mwisho, alilolitoa kwa kukaa kwenye kile kiti kingine.

Jambo moja mlijue mnapomuaga. Tulimuuliza kama sasa, akiwa mstaafu, ataachana na kanuni yake na kuanza kuwasalimia watu. Amekataa. Anasema mtu hustaafu lakini siri za watu hazistaafu, na mteja wa mwaka wa kwanza ana haki sawa na wa jana. Atapita kimya vilevile, kichwa juu, mkoba kwapani, mpaka mwisho. Nyumba yake mnaifahamu, na njia anayopita asubuhi kwenda sokoni mnaifahamu. Kwa hiyo yeye hawezi kuanza, na hatakasirika mkikaa kimya, wala hatawauliza kwa nini. Kazi hiyo imebaki yetu, wateja na wasio wateja, wote kwa pamoja, ili asijulikane nani ni nani.

Mama, sisi wa Namba Tisa tunakutakia asubuhi zenye watu. Shikamoo.